Mji Mkongwe wa Zanzibar, ukurasa kwa ukurasa

Mji Mkongwe wa Zanzibar umesimama juu ya rasi ya Shangani, ulimi wa ardhi uliojitokeza baharini upande wa magharibi wa kisiwa cha Unguja. Zamani rasi hiyo ilikaribia kuwa kisiwa peke yake. Nyuma yake ulipita mkono wa bahari ulioitwa Pwani Ndogo. Maji yakijaa, mji ulizungukwa karibu pande zote, na aliyetaka kwenda upande wa pili alivuka kwa daraja. Katika karne ya 20 Pwani Ndogo ilifukiwa kidogo kidogo mpaka ikawa barabara na viwanja. Jina la Darajani limebaki ingawa daraja halipo, na Ng'ambo bado ni Ng'ambo ingawa hakuna tena maji ya kuvuka. Anayetaka kuyaona maji yenyewe itambidi afungue kitabu.

Vitabu vipo, tena vingi. Ni miji michache ya pwani ya Afrika Mashariki iliyoandikwa kama huu, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Lakini waandishi wake hawakusimama mahali pamoja. Wa kwanza waliutazama kutoka sitahani mwa meli. Mmoja aliutazama kutoka ndani ya jumba la kifalme, nyuma ya madirisha yaliyofungwa. Wengine walizaliwa vichochoroni mwake. Vitabu hivyo vikisomwa kwa kufuata miaka, mji unaonekana kama unafunguka chumba baada ya chumba: kwanza ufukweni, kisha majumbani, kisha sokoni na bandarini, na mwisho kabisa Ng'ambo, ambako watu wengi walikuwa wakiishi muda wote huo bila kuandikwa.

Kwa sura yake ya sasa mji huu si wa kale sana. Ngome Kongwe ilijengwa na Waomani baada ya Wareno kufukuzwa Mombasa mwaka 1698, na kwa miaka mingi majirani zake walikuwa zaidi vibanda vya makuti kuliko nyumba za mawe. Mambo yaligeuka Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, alipohamishia makao yake Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, akahimiza kilimo cha mikarafuu na kufungulia milango biashara ya nje. Mwaka 1833 aliwekeana mkataba na Marekani, na mwaka 1837 balozi wao mdogo akafika. Waingereza wakafuata kwa mkataba wa 1839. Kitambaa cha pamba kilichokuja na merikebu za Wamarekani kikaitwa marikani, jina lililosafiri na misafara hadi ndani kabisa ya bara. Pembe za ndovu, sandarusi, karafuu na watumwa walipita Forodhani, na faida ya mali hiyo ikapandisha orofa za nyumba za mawe moja baada ya nyingine.

Huo ndio mji aliouteremkia Richard Burton Desemba 1856, miezi miwili baada ya Seyyid Said kufariki baharini akirudi kutoka Oman. Burton alikuja pamoja na John Speke. Walikuwa wanakwenda bara kuyatafuta maziwa makuu, na wakakaa Unguja na pwani kwa miezi kadhaa wakijitayarisha. Kitabu chake cha juzuu mbili, *Zanzibar: City, Island, and Coast*, kilitoka London mwaka 1872. Sababu mojawapo ya kuchelewa hivyo ni kwamba mswada wake wa kwanza ulipotea njiani, ukaja kuonekana miaka mingi baadaye huko Bombay, umefungiwa kashani.

Burton alikuwa na jicho lisilochoka. Aliandika pepo, samaki, vyakula, maradhi, aina za vyombo vya baharini, bei za bidhaa na lugha zilizosikika mitaani. Kurasa zake kuhusu majira ya kaskazi ni hazina: majahazi yanafika kutoka Arabuni, Uajemi na India, mji unafurika wageni, na wazazi wanawachunga watoto wao kwa hofu ya Waarabu wa kaskazini waliozoea kuiba watu na kuondoka nao upepo ukigeuka. Mambo hayo hayapatikani kirahisi kwingine. Papo hapo kitabu kizima kimejaa dharau. Watu wa Unguja wanapangwa humo kwa makabila na tabia kama bidhaa katika orodha ya forodha, na ni nadra mmoja wao kupewa nafasi ya kusema. Mwanahistoria hawezi kukiacha kitabu hiki. Wala hapaswi kukiamini kinapohukumu.

Wageni wengine wa zama hizo waliuona mji kwa pua. David Livingstone, aliyefika mwaka 1866, aliudhika mno na uvundo wa ufukwe hata akaubandika mji jina la kejeli lililotokana na neno la Kiingereza la kunuka. Ufukwe anaousema ni huo huo wa Forodhani ambako leo, jua likizama, watu hukusanyika kula mishikaki na urojo.

Burton alipokuwa anazunguka mjini na daftari lake, msichana wa miaka 12 alikuwa akiishi nyuma ya kuta ambazo yeye asingeruhusiwa kuzipita. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said na suria wake wa Kicherkasi aliyeitwa Jilfidan, alizaliwa Agosti 1844 katika kasri la Mtoni, ufukweni kaskazini mwa mji. Kitabu chake cha kumbukumbu kilichapishwa Berlin mwaka 1886 kwa Kijerumani, *Memoiren einer arabischen Prinzessin*, kwa jina alilolipata ughaibuni: Emily Ruete. Hutajwa mara nyingi kuwa wasifu wa kwanza kuchapishwa na mwanamke wa Kiarabu. Kwa historia ya Unguja umuhimu wake uko karibu zaidi: ndicho kitabu cha kwanza kinachomwingiza msomaji ndani ya nyumba.

Na anaingia hasa. Mtoni ya Salme ina ua mkubwa wanamozurura tausi, paa na mbuni, mabafu yasiyokosa watu mchana wala usiku, na roshani ya mbao inayotazama bahari ambako baba yake hutembea huku na huko kwa saa nzima, kichwa ameinamisha, akichechemea kidogo kwa sababu ya risasi ya vita vya zamani. Mbele yake watu husema Kiarabu. Akigeuka tu, nyumba inarudia lugha zake zote: Kiajemi, Kituruki, Kicherkasi, Kiswahili, Kinubi na Kihabeshi. Kati ya tausi hao mmoja alikuwa mkali na hakuwapenda watoto. Siku moja alimrukia kaka yake Salme. Watoto wakashirikiana kumkamata, na kwa kulipiza kisasi wakamnyofoa manyoya ya mkia wake yote mazuri. Bahati yao siku hiyo baba hakuwapo Mtoni. Hakuna ripoti ya balozi yeyote inayoweza kumpa msomaji wa leo mkia wa tausi huyo.

Wasichana wa ukoo ule walifundishwa kuisoma Kurani lakini si kuandika. Salme alijifundisha mwenyewe kwa siri, akinakili aya juu ya mfupa wa bega la ngamia, uliokuwa ubao wa wanafunzi wa zama hizo. Ujuzi huo ulimwingiza katika siasa. Mwaka 1859, kaka yake Barghash alipotaka kumpindua ndugu yao Majid, aliyekuwa Sultani, Salme, akiwa na miaka 15, ndiye aliyekuwa mwandishi wa barua za wapangaji. Mpango ulipogunduliwa, Barghash aliponyoka nyumbani kwake akiwa amevaa nguo za kike, akakimbilia shamba la Marseilles, na hatimaye akapelekwa uhamishoni Bombay. Salme alibaki mjini, amekosana na nusu ya ukoo wake. Nyumba aliyohamia baadaye ilikuwa jirani na ya Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Kijerumani. Mwaka 1866, akiwa na mimba yake, aliondoka usiku kwa manowari ya Kiingereza kwenda Aden. Huko alibatizwa na kuolewa, wakaenda Hamburg. Mume alifariki mwaka 1870 katika ajali ya tramu na kumwachia watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi asiyoizoea. Aliandika kumbukumbu zake kwanza kwa ajili ya watoto hao.

Chanzo hicho kinaeleza uzuri wa kitabu na udhaifu wake. Mwanga wa Unguja ni mkali humo kwa sababu mwandishi aliukosa. Lakini sura yake ya utumwa ni ngumu kuisoma: anautetea, akiwajibu Wazungu waliowalaumu Waarabu, na sauti za waliobeba maji, waliopika na kuwapepea wenye nyumba hazimo. Alirudi kuiona nchi yake mara mbili, mwaka 1885 na 1888. Mara ya kwanza Barghash, ambaye wakati huo ndiye alikuwa Sultani, hakumpokea. Alifariki Jena mwaka 1924.

Nyumba alizoziandika nyingi hazipo. Mtoni ni gofu. Beit al-Sahil, jumba la ufukweni mjini, lilibomolewa na mizinga ya Waingereza asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, walipomshambulia Seyyid Khalid aliyejitawaza bila ridhaa yao. Shambulio lilichukua dakika zisizofika 45, na watu wapatao 500 upande wa kasri waliuawa au kujeruhiwa. Jumba lililosimama mahali hapo sasa ni makumbusho, na chumba kimoja kimewekwa kwa ajili ya kumbukumbu ya Salme. Mgeni anayesimama humo na kitabu mkononi hana budi kukumbuka kwamba ngazi zinazosimuliwa kitabuni si hizi anazozipanda.

Upande mwingine wa mji huo huo, wa visima na vyoo, uliandikwa na daktari. James Christie, Mskoti aliyewahi kuwa tabibu wa Sultani, alikuwapo Unguja kipindupindu kilipoingia mwishoni mwa mwaka 1869, na kitabu chake *Cholera Epidemics in East Africa*, cha mwaka 1876, kinafuatilia ugonjwa huo kama mpelelezi. Alionyesha kwamba safari hii haukuja kwa bahari. Ulishuka kutoka kaskazini kwa njia ya nchi kavu, ukapita Umasaini, ukafika Pangani, kisha ukavuka kwa vyombo hadi Unguja. Kwa sababu hiyo alilazimika kuuliza maswali ambayo wasafiri hawakuwa na haja nayo: nani anateka maji wapi, kisima kiko umbali gani na choo, maiti wanazikwa wapi. Majibu yake ni ramani ya umaskini wa mji. Christie pia aliandika kuhusu homa iliyoenea Unguja mwaka 1870, ambayo wenyeji waliiita kidinga pepo. Wapo wanaoamini kuwa jina la dengi linalotumika duniani kote limetoka hapo. Maji safi yaliletwa mjini kwa mabomba na Seyyid Barghash baada ya kutawala mwaka 1870. Uhamisho wa Bombay ulikuwa umemwonyesha mji wa kisasa unavyoendeshwa.

Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku kwa mkataba wa Juni 1873, na soko la Mkunazini likafungwa. Juu ya kiwanja hicho wamisionari wa UMCA walijenga kanisa kuu, kazi iliyosimamiwa na Edward Steere, mwanasheria aliyegeuka kuwa padri na kisha askofu. Vitabu vyake viwili vya mwaka 1870 vimeacha alama kubwa kuliko jengo lenyewe. Kimoja ni mwongozo wa Kiswahili kama kilivyosemwa Unguja. Cha pili, *Swahili Tales*, ni mkusanyo wa ngano alizosimuliwa na watu wa mjini, zikiwamo za Sultani Majnun na ya Sultani Darai na paa wake. Kazi za mwanzo za uchapaji wa Steere zilifanyika hapo hapo Unguja kwa mashine ndogo, na vijana waliokombolewa utumwani walipanga herufi. Tofauti ya Steere na Burton ni kwamba Steere alinyamaza na kusikiliza. Katika ngano zile mji unajisimulia wenyewe: masultani wake, wafanyabiashara wake, punda wa dobi, walimu wa chuoni, wote kwa Kiunguja cha miaka ya 1860 ambacho msomaji wa leo anakielewa bila shida. Miongo sita baadaye Kiunguja hicho ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu.

Mfanyabiashara mashuhuri kuliko wote wa zama hizo aliandika mwenyewe pia. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, alikuwa mzee aliyestaafu katika nyumba yake ya Shangani pale Mjerumani Heinrich Brode alipomwomba asimulie maisha yake. Akaandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Masimulizi hayo yalitoka Berlin mwanzoni mwa karne ya 20 na kuchapishwa tena Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950. Tippu Tip alifariki mjini Zanzibar mwaka 1905.

Kitabu chake kinahusu zaidi Tabora, Manyema na Kongo, na kwa sababu hiyo Unguja yake inaonekana kwa namna ya pekee: ni mahali pa kukopa. Msafara hauanzi porini. Unaanza kwenye sebule ya tajiri wa Kihindi, Taria Topan, anayetoa shanga, vitambaa na baruti kwa deni litakalolipwa kwa pembe. Tippu Tip anasimulia vita na mateka kwa utulivu ule ule anaotumia kusimulia mahesabu, na utulivu huo unatisha. Taria Topan aliacha kumbukumbu ya mawe: jengo la zahanati la Mizingani, lenye roshani za mbao zilizonakshiwa, lilianzishwa kwa fedha zake mwaka 1887 na kumalizika baada ya kifo chake. Wageni hulipiga picha kwa wingi. Kuelewa fedha hizo zilipatikanaje, ni lazima kusoma kitabu cha mdeni wake.

Mpaka hapo mji wa vitabuni ni ule wa upande wa bahari. Ng'ambo ya Pwani Ndogo nyumba zilikuwa za udongo na makuti. Baada ya sheria ya kukomesha utumwa ya mwaka 1897 watu walioachwa huru waliendelea kumiminika huko, wakajenga juu ya viwanja vya matajiri na kutozwa kodi ya ardhi. Aliyeutoa mtaa huo gizani kwanza ni mwimbaji. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kijiji cha kusini mwa Unguja, katika familia yenye asili ya utumwa. Alifinyanga vyungu na kuvitembeza, akahamia mjini mwaka 1911, na sauti aliyoizoeza kwa kunadi vyungu ikaja kujaza majumba. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi sahani za santuri, akaiimba taarabu kwa Kiswahili mahali ambapo Kiarabu kilikuwa ndicho lugha ya heshima. Shaaban Robert alimtembelea na kuandika *Wasifu wa Siti binti Saad*, kitabu chembamba chenye mapenzi makubwa. Kwa mara ya kwanza mtu aliyetoka shamba, asiye na ukoo wa kujivunia, akawekwa katikati ya kitabu kizima kinachohusu Unguja, kwa lugha yake.

Msomi wa Kimarekani Laura Fair aliurudia ulimwengu huo katika *Pastimes and Politics*, kilichotoka mwaka 2001. Alizungumza na wazee, akasikiliza santuri, akasoma mafaili ya mahakama, na kuonyesha jinsi watu wa Ng'ambo walivyojitengenezea heshima kwa kanga na buibui, kwa timu za mpira, kwa nyimbo zilizowataja wakubwa waliodhulumu. Humo pia mna mgomo wa kodi ya ardhi wa mwaka 1928, wapangaji walipokataa kulipa.

Riwaya ya Kiswahili ilifika baada ya hapo na haikutaka tena kuombewa ruhusa na mtu. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alishinda shindano la uandishi la mwaka 1957–58 kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, iliyochapishwa mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, kiko mdomoni, anachambua mauaji kwa akili mahali ambapo wengine wanaogopa mizimu. Kabla ya kuwa mhariri wa magazeti Abdulla alikuwa mkaguzi wa afya, kazi inayomwingiza mtu hadi uani kwa watu na kumzoeza kuona kinachofichwa. Wenzake waliofuata, Mohamed Suleiman Mohamed kwa *Kiu* na *Nyota ya Rehema*, na Said Ahmed Mohamed kwa *Asali Chungu* na *Utengano*, waliingia ndani zaidi katika ndoa, mali na dhuluma za nyumbani.

Lakini mwandishi aliyeushika mji wenyewe kwa mikono miwili ni Adam Shafi, aliyezaliwa Unguja mwaka 1940. Riwaya yake *Kuli*, ya mwaka 1979, iko bandarini Malindi. Gati la kisasa lilijengwa hapo katika miaka ya 1920. Kabla yake meli zilitia nanga nje na mizigo kuletwa kwa matishari. Gati halikuondoa mzigo mgongoni mwa binadamu. Rashidi, kijana wa familia maskini, anaingia katika kazi ya ukuli, na msomaji anaingia naye: alfajiri ya kungoja kuitwa, gunia linaloshuka begani, vumbi kifuani, ujira unaokwisha kabla mwezi haujafika nusu. Karafuu ambayo kwa wageni ilikuwa harufu ya kisiwa, kwa Rashidi ni uzito. Hadithi inapanda hadi mgomo wa mwaka 1948, tukio la kweli, lililoanzia bandarini na kuenea mjini kote. Shafi hafichi upande anaosimama, na kuna kurasa ambazo hotuba inazidi hadithi. Hata hivyo hakuna ripoti ya serikali ya kikoloni iliyoeleza vizuri kama yeye kwa nini watu wale waliacha kazi.

Katika *Vuta N'kuvute*, ya mwaka 1999, ameacha hotuba na kubaki na watu. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa Bwana Raza mwenye umri wa kumzaa, anatoroka na kuangukia kwa Mwajuma huko Ng'ambo. Hatua chache tu za miguu, lakini ndani yake anabadili lugha ya nyumbani, chakula, nyimbo na watu wa kumjali. Huko anakutana na Denge, mpigania uhuru anayewindwa na polisi. Miaka ya 1950 ya Unguja, pamoja na mipaka yake ya rangi na taarabu iliyoivuka mipaka hiyo, haijapata kusimuliwa kwa uchangamfu zaidi ya huo. Mwaka 2021 Amil Shivji aliigeuza riwaya hiyo kuwa filamu. *Kasri ya Mwinyi Fuad* (1978) ilikuwa imeyasimulia Mapinduzi ya Januari 1964 kwa matumaini. *Haini* (2003) ikaingia katika magereza ya miaka ya 1970, ambayo mwandishi mwenyewe aliyapitia. Vitabu hivyo viwili, vilivyoandikwa na mkono mmoja, vinafaa kusomwa kwa kufuatana.

Abdulrazak Gurnah anaanzia hapo matumaini yalipovunjika. Alizaliwa mwaka 1948 na kukulia Malindi, karibu na bandari ile ile ya makuli wa Shafi, akaondoka kwenda Uingereza akiwa kijana katika miaka iliyofuata Mapinduzi. Kama Salme, aliuandika mji akiwa mbali nao na kwa lugha ya ugenini; tofauti na Salme, hakuuremba. Katika *By the Sea* (2001) mzee Saleh Omar, aliyekuwa muuza samani, anafika uwanja wa ndege wa Uingereza na kikasha cha udi mzigoni, na kutokana na udi huo inafumuka hadithi ya nyumba, deni na jela. Katika *Gravel Heart* (2017) baba anaihama nyumba yake bila kusema sababu, anajifungia katika chumba cha nyuma ya duka huko Mwembeladu, na mwanawe anampelekea chakula kwa kikapu. Mtoto anatembea, anamkabidhi baba kikapu, anachukua vyombo vya jana, anarudi. Aibu ya familia na ubabe wa wakubwa wapya wa nchi vimo ndani ya kikapu hicho muda mrefu kabla ya kutajwa.

Wakati wanariwaya wakifanya hayo, mwanahistoria mzaliwa wa mji, Abdul Sheriff, alikuwa akifanya kazi ya msingi. Kitabu chake *Slaves, Spices and Ivory in Zanzibar* (1987) kilieleza, kwa hesabu za forodha na barua za wafanyabiashara, jinsi Unguja ilivyofungwa katika uchumi wa dunia kati ya 1770 na 1873. Baadaye aliongoza makumbusho ya Zanzibar na kuhariri kitabu cha historia na uhifadhi wa Mji Mkongwe kilichotoka mwaka 1995. Humo nyumba zenyewe zinasomwa kama hati: duka la chini na makazi ya juu ya Wahindi, ua wa ndani wa Waarabu, baraza ya mawe ya Waswahili inayomkaribisha mpita njia akae.

Hati hizo zinaharibika. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ya Beit al-Ajaib, jumba la Barghash la mwaka 1883 lililonusurika mizinga ya 1896, iliporomoka wakati wa ukarabati na kuwaua watu wawili waliokuwa kazini. Mnara wake wa saa uliporomoka pia. Wanafunzi wa historia sasa huanza kulijua jumba hilo kwa picha na maandishi, kama wanavyoijua Beit al-Sahil ya Salme.

Mwaka uliofuata, Oktoba 2021, Gurnah alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Wasomaji wengi wa Unguja walikuwa hawajawahi kumsoma, kwa kuwa vitabu vyake vilikuwa vya Kiingereza na havikupatikana kirahisi madukani. Mwaka 2022 kampuni ya Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ilitoa *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya *Paradise* ya mwaka 1994. Hadithi yake iko bara na pwani yake, na inafuata msafara wa biashara wa aina ile aliyoisimulia Tippu Tip, safari hii kwa macho ya mvulana aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake. Wahusika wa riwaya hiyo walikuwa Waswahili tangu siku ya kwanza. Ilichukua miaka 28 mpaka maneno yao yakasomwa kwa Kiswahili.